Shajara ya mradi: fowili inayowaka kwenye dashibodi lakini haivuti

11 Januari 2025: gari na dalili zake

Gari ni la fowili (magurudumu yote manne huweza kuvuta), la mwaka 1993, dizeli, chasi ya ngazi, gia za mkono, na leva ya pili ya transfa (sanduku la gia linalopeleka nguvu mbele na nyuma) yenye 2H, 4H, nyutro na 4L, ambayo ni fowili ya gia nzito na mwendo wa polepole. Halina difu ya kati (gia za kuruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti). Ukiwa 2H, tairi za nyuma peke yake ndizo zinazovuta. Ukiingiza 4H, propela ya mbele (shafti ya kupeleka nguvu kwenye ekseli) inafungwa na ya nyuma na zote mbili zinazunguka kwa mwendo mmoja.

Mbele hakuna habu (vitovu vya magurudumu) za kufunga kwa mkono. Hafshafti ya kulia (shafti ya kutoka difu hadi gurudumu) imetengenezwa kwa vipande viwili karibu na difu, na vipande hivyo huunganishwa na kola yenye meno. Kola husukumwa na kopo la vakyumu (mvuto wa hewa) lenye kiwambo cha mpira ndani. Ukihamisha leva kwenda 4H, swichi iliyo kwenye transfa hupeleka umeme kwa solenoidi mbili (valvu za umeme) zilizofungwa karibu na betri, solenoidi zinafungua njia ya vakyumu, kopo linavuta, kola inaingia. Swichi nyingine kwenye nyumba ya kola huiambia taa ya dashibodi kwamba kazi imekamilika. Kabla ya hapo taa inawaka na kuzima. Baada ya hapo inatulia.

Kabla ya kuendelea, hili lieleweke, kwa sababu uchunguzi wote umesimama juu yake. Kola ipo upande mmoja tu, lakini ikiwa haijaingia tairi zote mbili za mbele zinakosa nguvu. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa kulia na kushoto. Upande usio na kitu cha kuushikilia hauwezi kupokea nguvu yoyote, basi na mwenzake naye hapati. Hafshafti ya kushoto iliyo nzima kabisa itakaa tu bila kazi.

Dalili zenyewe: ukiingiza 4H taa inawaka na kuzima bila kutulia. Kwenye tope tairi za nyuma zinachimba, za mbele zimelala. Asubuhi injini ikiwa baridi, mara nyingine taa hutulia na gari huvuta vizuri, kisha baada ya mwendo kidogo inarudi kule kule. Halipigi kelele, halitoi mshindo wala harufu.

Fundi aliyeliona kabla sijaanza alisema cheni ya transfa imelegea, na akataka kuishusha transfa yote. Cheni hulegea kweli kwenye magari ya umri huu. Ila cheni inayoruka meno hutoa kishindo, na huruka pale inapobebeshwa mzigo. Hii ya kwangu iko kimya kabisa. Transfa haishuki mpaka nipate sababu ya kuishusha.

19 Januari: je, transfa inafanya kazi?

Mbele juu, stendi mbili za chuma chini ya chasi, kabari pande zote za tairi za nyuma, breki ya mkono imevutwa. Kama breki yako ya mkono inakamata propela badala ya magurudumu, usiitegemee hata kidogo: tairi moja ya nyuma ikiinuka, gari linaweza kubingirika huku breki imevutwa mpaka mwisho. Kabari ndizo zinazokushikia gari.

Injini imezimwa. Leva ikiwa 2H nilishika propela ya mbele kwa mkono nikaizungusha: inazunguka bila kazi. Nikaingiza 4H, gia ya kwanza, nikajaribu tena: imekamata, inacheza kidogo tu kwenye meno kabla ya kugonga ukuta. Krosi za propela hazina mchezo. Kwa hiyo transfa imeunganisha mbele na nyuma, na cheni haijaachia.

Jaribio la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii, maana halihitaji kifaa chochote. Magurudumu ya mbele yote yakiwa hewani na propela ikiwa imeshikwa hivyo, zungusha la kushoto kwa mkono na uangalie la kulia. Kola ikiwa imeingia, la kulia litazunguka kinyume, kwa sababu kizimba cha difu (kasha linalozungushwa na propela) kimeshikwa na gia zake ndogo hazina njia nyingine ya kupeleka mwendo. Kola ikiwa nje, la kulia halitikisiki.

La kwangu halikutikisika. Kilichobaki kuzunguka ni kile kipande kifupi cha hafshafti kilicho ndani, ambacho huwezi kukiona.

Chini ya gari nilifungua oili ya difu ya mbele kwa kuwa ilikuwa haijulikani umri wake. Rangi nyeusi, haina weupe wa maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na ute wa kijivu laini, jambo la kawaida. Vipande vya chuma vyenye ncha ndivyo vingenitisha. Nilijaza oili mpya ya 80W-90 ya GL-5, nikapuliza bomba la kupumulia la difu ambalo lilikuwa limezibwa na udongo. Bomba hilo likiziba, difu ikipata moto shinikizo hutafuta njia kwenye oili sili, na difu ya moto ikizama majini hunyonya maji kupitia sili hizo hizo.

Gharama hadi hapa: oili ya difu na washa mbili za nati.

25 Januari: chuma ni kizima

Niliazima pampu ya vakyumu ya mkono yenye geji. Kopo lina midomo miwili: mmoja huvuta kola iingie, mwingine huivuta itoke. Nilichomoa paipu zote mbili, nikaunganisha pampu kwenye mdomo wa kuingiza, mdomo wa pili nikauacha wazi ili hewa ipite. Nikavuta mpaka kilopaskali 50 hivi.

Sindano ilikaa. Baada ya kunywa chai bila haraka ilikuwa bado palepale, kwa hiyo kiwambo hakijatoboka. Lakini kola haikuingia mara moja. Hapa usikate tamaa mapema: meno ya kola hayawezi kuingia yakikutana ncha kwa ncha. Nilitikisa gurudumu la kulia mbele na nyuma kidogo, ikasikika "tak", na sindano ikashuka kidogo kwa sababu kiwambo kimesogea. Nikazungusha gurudumu la kushoto. La kulia likazunguka kinyume.

Nikawasha swichi ya gari bila kuwasha injini, leva ikiwa 4H. Taa imetulia. Nikahamishia pampu kwenye mdomo wa pili, nikavuta, kola ikatoka, taa ikaanza tena kuwaka na kuzima.

Kipimo hiki kimoja kimefuta majina mengi kwenye orodha: kola, uma unaoisukuma, kopo, swichi ya kola, taa, na waya wa kutoka swichi hadi dashibodi. Vyote vizima. Tatizo liko kati ya leva na mdomo wa lile kopo, maana yake ni umeme au hewa. Hakuna sababu tena ya kufungua chuma chochote.

Wenye magari ya habu za mkono hawana sehemu hii. Kwao jaribio la gurudumu la kushoto na kulia linatosha kuonyesha kama habu zote mbili zimefunga, na habu isiyofunga huwa imekauka grisi au imejaa mchanga.

2 Februari: umeme, na tiba isiyoponya

Fyuzi nzima. Solenoidi nilizipima zikiwa baridi: moja omu 38, nyingine omu 39. Zinalingana, na hilo ndilo nililotaka kuona. Moja ingekuwa imekatika ndani, mita isingesoma kitu.

Kisha nikapima volti kwenye plagi ya solenoidi, plagi ikiwa imechomolewa, leva 4H: volti 12.4, karibu sawa na betri. Wengi huishia hapo na kusema umeme upo. Nilirudisha plagi, nikachoma ncha nyembamba za mita kwa nyuma yake ili kupima solenoidi ikiwa inafanya kazi: volti 8.9. Waya ulioliwa na kutu hupitisha volti zote pale ambapo hakuna kinachotumia umeme. Ukiubebesha mzigo ndipo unapoonekana.

Kujua upande ulioliwa, niliweka ncha moja ya mita kwenye waya hasi wa solenoidi na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Ilisoma volti 3.2. Pangekuwa pazima ingekuwa karibu na sifuri. Upande chanya ulipoteza volti 0.3 tu. Basi tatizo ni ethi, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye bodi.

Ethi ya solenoidi hizi imefungwa kwa boliti kwenye bati la ndani la bawa, chini kidogo ya betri, mahali ambapo mvuke wa asidi umeshatengeneza unga wa kijani. Nikafungua, nikasugua bati na kichwa cha waya mpaka vikang'aa, nikafunga kwa washa mpya ya meno, nikapaka grisi juu. Kipimo kipya: volti 12.1 solenoidi ikifanya kazi, na mlio wake sasa unasikika ukiwa umesimama mbele ya gari.

Nikawasha injini, 4H, nikasogea mita chache. Taa ikatulia. Nikatoka nalo barabara ya vumbi, kila kitu sawa. Injini ilipopata joto nikarudisha 2H, nikaingiza tena 4H, na taa ikaanza michezo yake ya zamani.

Ethi ilikuwa mbovu kweli na ilistahili kutengenezwa, ila haikuwa ndiyo iliyokuwa ikizima fowili. Kwenye gari la miaka zaidi ya 30 utapata hitilafu nyingi za aina hii ukitafuta, na kila moja itajitokeza kama mkosaji.

9 Februari: kinachobadilika gari likipata joto

Kabla ya leo nilikuwa na washukiwa wawili wa joto. Wa kwanza ni solenoidi. Waya wa shaba huongeza ukinzani kadiri unavyopata moto, takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya selsiasi. Kwa hiyo solenoidi ya omu 38 kwenye digrii 20 itafika omu 47 hivi kwenye digrii 80. Mvuto wake unapungua, na iliyochoka inaweza kushindwa kufungua. Nilizipasha kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka zikawa haziguswi, nikazipima: omu 46 na 47, kama hesabu inavyosema. Zikawekewa umeme, zikalia, na hewa ikapita. Wameachiwa huru.

Wa pili ni hewa yenyewe. Injini ya dizeli ya zamani haina kipepeo kinachobana hewa kwenye njia ya kuingilia, kwa hiyo haina vakyumu ya bure kama ya petroli. Inategemea pampu, ambayo kwangu imefungwa nyuma ya alternata na kulainishwa na oili ya injini. Pampu hiyo hiyo ndiyo inayolisha kisaidizi cha breki. Kama pedali yako ya breki imekuwa nzito siku zile zile fowili ilipoanza kusumbua, acha habari za fowili, angalia pampu na paipu zake kwanza, leo hii.

Breki zangu ni nyepesi. Hata hivyo niliweka kiungo cha njia tatu karibu na pampu, kingine karibu na kopo, na geji kwenye kila kimoja. Injini baridi, leva 4H: kilopaskali 82 kwenye pampu, 80 kwenye kopo. Nikaiacha injini ingurume mpaka feni ya rejeta ikakolea.

Injini moto: pampuni 81. Kopo 24, na inapanda kwa kujikongoja.

Kati ya geji hizo mbili kuna paipu peke yake. Niliifuata kwa tochi. Sehemu kubwa ni paipu nyembamba ya chuma ya asili, halafu nyuma ya injini, jirani na bomba la egzosi linaloshuka, kuna kipande cha mpira ambacho si cha asili. Mtu fulani zamani aliweka paipu ya mafuta. Ya mafuta hutengenezwa kuhimili msukumo unaotoka ndani kwenda nje. Hii kazi yake ni kinyume. Ikiwa baridi na ngumu ilisimama. Ikipata joto la egzosi ililegea na kujibana yenyewe, kama mrija wa soda unaovutwa kwa pupa. Nilikuwa nimeishika wakati injini inazimwa, na nilihisi ikifumka taratibu vidoleni hewa ilipokuwa inarudi.

Ndiyo maana kuikagua kwa macho hakukusaidia kitu. Haina ufa, haina tundu, haipigi filimbi. Ukiipuliza kwa mdomo hewa inapita vizuri. Pampu ya mkono nayo ingeipitisha, kwa sababu gari lingekuwa limepoa.

12 Februari: paipu mpya

Nimebadilisha vipande vyote vya mpira kati ya pampu, solenoidi na kopo, hata vile vilivyoonekana vizima. Paipu ya vakyumu yenye ukuta mnene na nyuzi ndani yake, kipenyo cha ndani milimita 4. Kile kipande cha nyuma ya injini nimekipitisha juu zaidi, mbali na egzosi, na kukivisha soksi ya kukinga joto. Valvu ya njia moja niliipuliza pande zote mbili: inapitisha upande mmoja tu, inarudi kazini.

Jihadhari na alama za waliokutangulia. Paipu mbili zinazoshuka kwenye kopo zilikuwa zimefungwa tepu nyekundu na nyeupe, na kwenye solenoidi kulikuwa na tepu za rangi hizo hizo. Tepu hizo zilikuwa zimepishana. Niligundua kwa kuwa niliandika kwenye karatasi kila paipu inatoka wapi inaenda wapi kabla ya kuchomoa. Ukipishanisha paipu, kola itaingia ukiwa 2H na kutoka ukiwa 4H, halafu utarudi kuzitafuta solenoidi ambazo hazina kosa. Dalili ya kupishana ni rahisi kuitambua: magurudumu ya mbele yakiwa hewani na injini inanguruma, jaribio la kushoto na kulia linatoa majibu ya kinyume kwenye 2H. (Gia nyutro, na mtu awe kwenye pedali ya breki. Usiingize mikono karibu na propela.)

Injini moto, leva 4H: kilopaskali 81 kwenye pampu, 80 kwenye kopo. Taa ilitulia kabla sijaachia leva.

Gharama: paipu mita tatu na ushee, klipu ndogo, soksi ya joto, kopo la dawa ya kusafishia plagi za umeme. Vyote pamoja havifikii gasketi na sili ambazo zingehitajika kufungua na kufunga ile transfa.

23 Februari: inavuta, lakini haitaki kuachia

Nililipeleka kwenye mchanga na kilima chenye mawe yaliyolegea. 4H inavuta mbele na nyuma, 4L inapanda bila kukanyagwa mafuta. Taa imetulia muda wote.

Tatizo jipya: ukirudisha 2H, leva ni ngumu kama imepigwa weldi, na ikikubali, taa inakaa ikiwaka. Ukipiga rivasi mita chache inaachia kwa kishindo kidogo.

Huu ni mkazo uliojifunga kwenye mitambo. Kwa kuwa hakuna difu ya kati, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawa, na gari likikata kona tairi za mbele husafiri njia ndefu zaidi. Tofauti hiyo lazima ipotelee mahali: kwenye udongo laini tairi huteleza kidogo na mkazo unaisha. Kwenye lami hazitelezi, mkazo unabaki kwenye meno ya gia na kuibana kola. Ndiyo maana fowili ya aina hii haitumiki kwenye lami kavu. Lakini mimi nilikuwa kwenye mchanga, na mkazo ulijengeka hata nilipokwenda moja kwa moja.

Gari likijifunga likienda moja kwa moja, ama difu mbili hazina uwiano mmoja, ama tairi hazina mzunguko mmoja. Gari la mkono wa tatu linaweza kuwa limewekewa difu ya nyuma ya gari jingine, kwa hiyo nilianza na difu. Inua gurudumu moja tu, lingine libaki chini, transfa iwe 2H na gia iwe nyutro, tia chaki kwenye propela, kisha zungusha gurudumu lililoinuka mara mbili kamili. Mara mbili, kwa sababu mwenzake akiwa amesimama kizimba cha difu huzunguka nusu ya gurudumu. Mbele nilitakiwa kuwa nimeunganisha kola kwanza, la sivyo propela haizunguki; pampu ya mkono ikafanya kazi hiyo. Mbele: propela mizunguko minne na karibu theluthi. Nyuma: vilevile. Difu ni mapacha.

Kwa tairi sikupima kimo, nilipima mwendo. Chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari mpaka chaki irudi chini, pima. Mbele, ambako kuna tairi mpya zaidi: mita 2.37. Nyuma, zilizoliwa: mita 2.33. Sentimita nne zinaonekana kidogo, ila ni mizunguko 422 kwa kilomita mbele dhidi ya 429 nyuma. Katika kila kilomita ekseli moja inataka kuizidi nyingine kwa mizunguko 7, na propela hazikubali.

Nilijaribu njia ya bei rahisi kwanza, kupunguza upepo mbele kutoka baa 2.2 hadi 1.6. Mwendo ulipungua milimita 8 tu. Tairi ya radiali ina mkanda wa nyuzi za chuma kuizunguka, na urefu wa mkanda haubadiliki kwa upepo. Tairi inaonekana imebonyea lakini bado inasafiri karibu umbali ule ule. Juu ya hayo, upepo mdogo kwenye barabara ya kasi hupasha tairi moto. Nikarudisha 2.2.

Kabla ya kununua chochote nilitaka uthibitisho. Nilihamisha tairi ili kila ekseli iwe na moja mpya na moja iliyoliwa. Kizimba cha difu hufuata wastani wa magurudumu yake mawili, kwa hiyo wastani wa mbele na wa nyuma sasa ni mmoja. Nikazunguka kwenye vumbi polepole, 4H, kisha 2H. Leva ilitoka kwa vidole viwili. Huo ni mtihani, si tiba: gia ndogo za difu zinazunguka muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, na gari huweza kuvuta upande likifunga breki. Mwenye difu ya nyuma inayojibana (inayozuia gurudumu moja kulizidi jingine) asijaribu kabisa.

8 Machi: tairi nne na vipimo vya mwisho

Tairi nne za aina moja, saizi moja, mistari sawa. Hapa ndipo pesa ya mradi ilipokwenda. Sehemu nyingine zote zikijumlishwa hazifiki hata tairi moja. Kuanzia sasa zitakuwa zinahamishwa mbele na nyuma kila nikibadilisha oili ya injini, ili ziliwe pamoja.

Mwendo uliopimwa: mita 2.38 mbele, 2.38 nyuma. Leva inaingia na kutoka bila ubishi, taa inazima ndani ya mita chache.

Kwa anayefuata kazi hii kwenye mfumo wa vakyumu, vipimo vya gari hili likiwa zima ni hivi: solenoidi omu 38 na 39 zikiwa baridi, volti 12.1 zikifanya kazi, upotevu wa ethi sasa hausomeki hata nusu ya volti, kilopaskali 81 na 80 injini ikiwa moto. Namba zako zinaweza kutofautiana kidogo, hasa ukiwa sehemu ya mwinuko mkubwa ambako hewa yenyewe ni nyepesi na geji haiwezi kufika huko juu. Cha kufuata ni tofauti kati ya geji mbili. Pima injini ikiwa moto.

Kilichobaki ni sili ya hafshafti upande wa nyumba ya kola. Ina unyevu wa oili, bado haijadondosha. Huenda ni madhara ya lile bomba la kupumulia lililokuwa limeziba, na kama ndivyo itakauka yenyewe. Nimeifuta, nimeweka alama ya chaki kwenye kimo cha oili. Ikidondosha, nyumba ya kola itafunguliwa na uma utapimwa hapo hapo.